Siku Niliyoishiwa Pumzi Mbele ya Mama Yangu

Iko siku moja ya masika ambayo haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu, na sasa mimi ni mzee mwenye wajukuu. Kaa nikusimulie, wala usinihimize, maana ni habari ambayo kwa miaka mingi sikuisimulia ilivyokuwa.

Miaka ile ya sabini nilikuwa dereva. Nilikuwa naendesha Land Rover ya kampuni moja ya wageni, tunashuka nao kreta ya Ngorongoro asubuhi, tunapanda alasiri. Kwa kijana wa kijiji cha Buger aliyezaliwa nyumba ya mkulima, kazi hiyo haikuwa jambo dogo. Nilikuwa na miwani ya jua, nilikuwa na viatu vya ngozi, na kabla sijatimiza miaka thelathini na mbili nilikuwa tayari na kitambi. Usicheke. Wakati ule kitambi kilikuwa kama cheti. Watu wakikiona walisema, huyu mambo yake yamemnyookea. Nilitoka kitandani nikaingia garini, nikatoka garini nikaingia mezani. Duka la kijiji lilikuwa karibu na kwangu kiasi kwamba ukiita, muuza duka anaitika, lakini hata huko nilienda kwa gari. Na sigara, mwanangu, nilivuta tangu nilipoamka hadi nilipolala.

Mama yangu tulimwita Aayo, maana ndivyo sisi Wairaqw tunavyomwita mama. Alikuwa amepita miaka sitini, mwembamba, mguu mkavu kama mpini wa jembe. Kila asubuhi aliteremka kuchota maji, akapanda, akaenda kukata majani ya ng'ombe, akapanda tena. Mara nyingi nilimwambia, "Aayo, pumzika sasa, mimi nina mshahara." Alikuwa anachukua panga lake anakwenda zake.

Masika hiyo mke wangu Martina alijifungua mtoto wetu wa pili, msichana. Wa kwanza, Paskali, alikuwa na miaka mitatu. Nyumba yetu ilikuwa mpya, ya matofali ya kuchoma, yenye bati na madirisha ya vioo, na katika kijiji kile vioo vilikuwa bado ni vitu vya kutazamwa. Wewe umezaliwa huku, unaijua baridi yetu. Ukungu unateremka kutoka msituni, unaingia hadi kwenye blanketi. Mimi kwa kumpenda mtoto mchanga nikachukua misumari, nikayapigilia madirisha ya chumba cha kulala yasifunguke hata kidogo. Nikaziba nyufa kwa vipande vya gunia. Chini ya mlango nikaweka shuka lililokunjwa. Halafu nikaingiza jiko la mkaa, nikaliweka karibu na kitanda, nikamwambia Martina asiache lizimike.

Aayo, ambaye alikuwa analala kwenye nyumba yake ya zamani ng'ambo ya uwanja, alipoingia kumtazama mzazi akasimama mlangoni akikunja uso.

"Yohani," aliniambia, "nyumba hii haipumui."

"Aayo, hewa ya baridi ndiyo inayoua watoto."

Hakubishana nami. Nyumba ilikuwa yangu, nami nilikuwa mtu mkubwa mwenye gari. Hilo bado linaniuma, kwamba mama yangu alinyamaza kwa sababu alikuwa ananiheshimu.

Paskali akaanza kukohoa. Siku ya kwanza tukasema mafua. Siku ya nne asubuhi, Aayo alipomchukua kumpa uji, akamfunua kifua akaniita. Kila mtoto alipovuta pumzi, mbavu zilikuwa zinabonyea ndani, na matundu ya pua yalikuwa yanapanuka kama ya ndama aliyekimbizwa. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi, inaelekea bluu. Hakuwa analia. Mtoto wa miaka mitatu anayeumwa vile halafu halii, hilo ndilo lililonitisha.

Martina alitaka kuja, lakini alikuwa hajisikii vizuri. Tangu juzi yake alikuwa analalamika kichwa, na asubuhi ile alikuwa ametapika. Tukadhani ni uchovu wa uzazi. Tukamwacha kitandani na mtoto mchanga, tukafunga mlango baridi isiingie.

Nikawasha gari, Aayo akapanda na Paskali kifuani. Hospitali ya misheni ilikuwa juu ya mlima, ng'ambo ya korongo. Kwa gari si mbali, lakini mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na wewe unaujua udongo wetu mwekundu ukilowa. Tulipofika korongoni gurudumu la nyuma likazama. Nikakanyaga mafuta, likazama zaidi. Nikashuka nikatazama, gari lilikuwa limekalia tumbo. Barabara nzima hapakuwa na mtu.

"Nipe mtoto," nikamwambia Aayo.

"Utaweza?"

"Aayo, mimi ni mwanaume. Nipe."

Nikamkumbatia Paskali nikaanza kupanda. Mwanzo nilikimbia, kwa hofu. Sikufika hata kwenye kona ya kwanza. Miguu ilianza kutetemeka, kifua kikawaka moto. Nilikuwa navuta hewa kwa mdomo, naivuta tena kabla ya kuitoa ile ya kwanza, na kadiri nilivyovuta ndivyo nilivyoikosa. Masikio yakaanza kuvuma. Nikajiambia hatua kumi zaidi, nikapiga nne. Nikaona vidoti vyeusi mbele ya macho, magoti yakaingia kwenye tope, na mikono yangu hii, mwanangu, ikamwachia mtoto.

Hakuanguka. Aayo alikuwa nyuma yangu, akamdaka. Akamtupa mgongoni, akamfunga kwa kanga juu, kichwa kikiwa kimeinuka ili apate kupumua, akavua ndala zake akaziacha palepale njiani, akapanda.

Nilibaki nimepiga magoti nikimtazama. Nilikuwa na uhakika atasimama penye ule mwinuko mkali. Hakusimama. Alikuwa hakimbii, wala hakuwa anajikokota. Alikwenda kwa mwendo uleule wa kila siku anaotoka nao kuchota maji, hadi ukungu ukamficha. Mama wa miaka zaidi ya sitini, amembeba mjukuu wake, na mimi baba wa mtoto nimekaa kwenye tope nikihema kama mbwa. Nilitaka kulia, pumzi ya kulia sikuwa nayo.

Sijui nilichukua muda gani kupanda mlima ule. Nilikuwa nasimama, nashika mti, naendelea. Nilipoingia hospitalini nilikuwa nimelowa, nina tope hadi kiunoni, kifua kinapiga filimbi, na mlangoni nikaanguka. Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mpaka leo likinijia nafunika uso.

Hospitali ile ilikuwa na mtungi mmoja tu wa oksijeni. Wauguzi walikuwa wanauandaa kwa ajili ya Paskali, wanaunganisha ule mpira mwembamba wa kumwekea puani. Waliponiona nimelala sakafuni, midomo imepauka, wakadhani moyo wangu unasimama. Mmoja akaacha alichokuwa anafanya akanikimbilia, akampigia mwenzake kelele, "Lete mtungi huku, mtu mzima anakufa!"

Nikasikia sauti ya mama yangu. Aayo Kiswahili hakukijua sana, alikichanganya na Kiiraqw, na katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akipaza sauti mbele ya wageni. Siku ile alipaza.

"Huyo wacha! Huyo hana kitu! Ni mtoto yangu, mimi najua! Gari ndiyo imemkalia! Nyie angalia mtoto, mtoto ndiyo anakufa!"

Daktari alikuwa mtu mfupi mwenye kipara, mtu wa Pwani kwa lafudhi yake. Aliagiza mtungi ubaki kwa mtoto. Kisha akainama, akanisikiliza kifuani mbele na nyuma, akanishika mkono akahesabu mapigo, akaniuliza maswali mawili matatu kuhusu maumivu. Akasimama.

"Mama yako anasema kweli," akaniambia. "Moyo wako ni mzima. Mapafu yako ni mazima, ingawa sigara imeanza kuyachafua. Huna ugonjwa, bwana. Hujatembea tu."

Elewa, mwanangu. Mtungi mmoja, na mimi nilikuwa karibu kumnyang'anya Paskali ile hewa, si kwa maradhi, bali kwa uvivu. Nilitazama sakafu. Nilitamani angeniambia nina kansa.

Baada ya Paskali kuchomwa sindano ya penisilini na kuwekewa ule mpira puani, daktari alirudi. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi, Aayo pembeni yangu. Akaanza kuuliza mambo ya nyumbani. Mtoto analala wapi? Chumba kikoje? Nikamweleza kwamba analala chumba kimoja na mama yake, na tena kwa fahari kidogo, jinsi nilivyoziba madirisha na kuweka jiko ili familia yangu isipigwe na baridi.

Daktari akaacha kuandika.

"Jiko la mkaa? Ndani?"

"Ndiyo, daktari."

"Sasa hivi linawaka?"

"Linawaka. Mke wangu yuko humo na mtoto mchanga."

"Mke wako anaumwa kichwa?"

Nilimtazama. Sikuwa nimemtajia habari za kichwa.

"Tangu juzi," nikasema. "Na leo ametapika."

Sura ya yule mtu ilibadilika, sitaisahau. Akanishika bega akaongea polepole, kama mtu anayetaka kila neno lifike. "Nisikilize. Hewa tunayovuta ina kitu kinachoitwa oksijeni. Damu inaichukua mapafuni, inaisambaza mwili mzima, na bila hiyo hata ubongo unazima. Jiko la mkaa katika chumba kilichozibwa linaila hiyo oksijeni, halafu linatoa sumu isiyo na harufu. Mtu analala, haamki. Gari la hospitali liko Karatu, halijarudi. Nenda nyumbani. Sasa hivi. Watoe nje, hata kama mvua inanyesha."

Aayo alikuwa ameshasimama, anafunga kanga kiunoni. Nikatazama miguu yake. Kidole kimoja kilikuwa kinatoka damu. Nikasema, "Hapana, Aayo. Kaa na Paskali."

"Utaweza?" aliniuliza mara ya pili siku ile.

Sikumjibu kama nilivyomjibu korongoni. Nilisema, "Sijui."

Daktari akanifuata hadi mlangoni. "Usikimbie," akasema. "Ukikimbia utaanguka tena. Vuta hewa kwa pua, ijaze hadi tumboni, itoe taratibu kwa mdomo. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Tembea, usisimame."

Nikatembea. Kuteremka kulinisaidia, lakini hofu ilikuwa inanisukuma nikimbie, na kila nilipokimbia kifua kilibana. Nikarudi kwenye maneno ya daktari: pua, tumbo, toa taratibu. Nikalipita gari langu limezama korongoni, wala sikuligeukia. Kutoka korongoni hadi nyumbani kuna kilima kidogo, ambacho kwa miaka sikuwahi kukihesabu kuwa kilima. Siku ile nilikihesabu. Njia nzima nilikuwa namwona Martina amelala na haamki, na mimi ndiye niliyepigilia misumari kwa nyundo yangu mwenyewe, huku nikipiga mluzi.

Nilisukuma mlango nikaita. Kimya. Nikaita tena. Ndani kulikuwa na joto zito. Martina alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi. Nikamtikisa, kichwa chake kikaenda huku na huku kama cha mlevi. Mtoto alikuwa kwenye mkono wake, amelegea, hakushtuka nilipomwinua.

Nilimtoa mtoto kwanza. Nikamlaza barazani kwenye shuka, nikarudi ndani. Martina sikuweza kumbeba, mwanangu, nakwambia bila kuficha. Nilimshika makwapani nikamburuta hadi nje, visigino vyake vikichora sakafu. Mvua ilikuwa inatupiga usoni. Nikamketisha ameegemea ukuta, nikamchukua mtoto nikamgeuza uso wake uelekee upepo, nikawa namsugua mgongo, nalitaja jina la Mungu tu, maana sala nyingine zote zilikuwa zimenipotea.

Sijui tulikaa hivyo kiasi gani. Kisha yule mtoto akakunja uso, akafungua mdomo, akapiga ukelele ambao majirani waliusikia. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile. Baada yake Martina akatapika, akafumbua macho, akaniuliza, "Kwa nini umetuleta kwenye mvua?"

Majirani wakaja. Vijana wawili wakambeba Martina kwenye kitanda cha kamba, mama mmoja akambeba mtoto, wakawapeleka hospitalini. Mimi nilibaki nyuma kidogo. Nililitoa jiko nje, nikachukua nyundo nikang'oa misumari yote. Kioo kimoja kilipasuka. Sikujali.

Martina na mtoto walikaa siku tatu, daktari akasema wana bahati kubwa. Paskali alikaa siku kumi na moja. Siku ya tano alimwomba bibi yake uji, na Aayo, ambaye hakuwa amelia hata mara moja, alitoka nje akakaa nyuma ya jiko la hospitali peke yake kwa muda mrefu.

Tuliporudi nyumbani, kesho yake alfajiri Aayo alinigongea dirishani. Alikuwa na ndoo mbili. Akanipa moja.

"Twende," akasema.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kazi, nilimfuata. Wiki ya kwanza alikuwa ananisubiri juu akiwa amekaa kwenye jiwe, anasuka kamba. Wanawake wa mtoni walinicheka waziwazi, mtu mzima, dereva wa wageni, amebeba ndoo nyuma ya mama yake. Nilivumilia. Nilikuwa navuta kwa pua, natoa taratibu. Mwezi wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, suruali zikaanza kunipwaya. Kwenye kreta, wageni walipokuwa wakipumzika juu ukingoni, ambako hewa ni nyepesi na mtu asiyezoea anahema hata akifunga kamba za viatu, mimi nilizunguka nikitembea. Madereva wenzangu waliniuliza kama nimekosana na gari.

Siku nilipopanda mlima wa korongoni hadi hospitalini bila kusimama, nilifika juu nimesimama wima, najisikia kama kijana wa jando. Nikamgeukia Aayo nikingoja anisifu.

Akaninusa shati. "Bado sigara," akasema, akaendelea na safari.

Niliiacha mwaka huohuo. Haikuwa rahisi, na mara mbili niliirudia kwa siri.

Sasa nikueleze nililolificha. Watu wa kijiji walijua kwamba Yohani alimwahisha mtoto hospitalini mlima mzima, na mimi niliwaacha waamini kwamba nilimbeba. Aayo alisikia wakinisifu, hakuwasahihisha hata siku moja. Paskali mwenyewe alikua akijua hivyo. Nilimweleza ukweli mwaka alipooa, Aayo akiwa ameshafariki. Akaniuliza kaburi la bibi yake lifanyiwe nini. Tukaenda wawili kwa miguu, tukalisafisha.

Mwanangu, nakuona wewe na wenzako hapa Karatu. Mnapanda bodaboda kutoka stendi hadi sokoni, mnakaa kwenye kiti tangu asubuhi, shingo imeinama kwenye simu, halafu mnasema mna nguvu kwa sababu hamjaugua. Mimi pia sikuwa nimeugua. Nguvu haijulikani mtu akiwa amekaa. Inajulikana siku mtu wako anapohitaji miguu yako na kifua chako, na siku hiyo haitoi taarifa. Kwa hiyo tembea. Tembea kila siku hadi uhisi joto, panda mlima ambao ungeweza kuuzunguka, beba kitu, lima, cheza mpira, mradi moyo wako uamshwe kabla haujashtuliwa. Ukichoka usihangaike na hewa kama mimi. Vuta kwa pua, ijaze tumboni, itoe taratibu. Sigara usiiguse. Na nyumba yako, hata Julai baridi ikiuma namna gani, iachie mahali pa kupitisha hewa, na jiko la mkaa lisilale na watu chumba kimoja, hata likiwa limebaki makaa mekundu tu. Baridi utaivalia sweta. Hewa ikikosekana hakuna nguo ya kuivalia.

Na mzee akikwambia jambo akanyamaza, usidhani ameshindwa hoja. Muulize tena.

Mungu akujalie kifua kipana na miguu isiyokata tamaa. Watoto wako walale na kuamka, na uzee ukukute unapanda, si umekaa. Haya, inuka sasa, unisindikize hadi barabarani. Kwa miguu.